Sikre gani isiyomdhuru mgonjwa wa gluteni? Historia kutoka Uholanzi hadi madepo yetu ya Uvira

UVIRA, Kivu Kusini. Leo siwaletei habari ya bei ya ndagala wala ya mafuriko ya mto Mulongwe. Nawaletea historia ya ugonjwa mmoja ulioingia nyumbani kwetu na kunilazimisha kuuliza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: ndani ya chupa ya sikre mna nini?

Mtoto wa dada yangu ana miaka 6. Kwa miaka miwili tumbo lake lilikuwa limevimba, mikono na miguu imekuwa myembamba, na kuhara hakukwisha. Alipewa dawa ya minyoo. Alipewa dawa ya amiba. Tuliambiwa ni bwaki. Tate wake, yaani mama yangu mimi, alifanya kile ambacho wazazi wengi wa hapa wangefanya: alimnunulia kinywaji cha malti, kile cheusi kitamu kisicho na pombe, akakichanganya na maziwa ili mtoto aongeze damu. Na kila asubuhi alimpa mkate, kwa sababu mkate ndicho chakula cha kumbembeleza mgonjwa. Mtoto alizidi kukonda.

Mwishowe daktari mmoja aliagiza damu ya mtoto ipimwe kwa kipimo ambacho hatukuwahi kukisikia. Jibu likaja: ana ugonjwa wa seliaki. Mwili wake haupatani na gluteni, yaani protini iliyo ndani ya ngano na nafaka za ukoo wa ngano. Tukaacha mkate, bisikwi, mandazi na makaroni. Baada ya majuma machache mtoto akaanza kucheka na kukimbia.

Halafu ikaja arusi ya jamaa. Kijana mmoja mwenye roho nzuri akamfungulia mtoto chupa ya malti. Nilipojaribu kumzuia akaniambia: «Yaya, acha anywe. Hii si pombe, ni sikre tu.» Nami nikanyamaza, kwa sababu niliamini hivyo hivyo. Usiku ule mtoto alitapika, na siku zilizofuata tumbo likarudi kama zamani.

Ndiyo sababu nimetafuta historia hii. Nimekuta kwamba kosa letu si la Uvira peke yake. Hata Ulaya na Marekani, waganga wakubwa walipita karibu na ukweli kwa miaka mingi bila kuuona.

Kome wa London na ndizi za New York

Ugonjwa huu si mpya. Mganga Aretaeus wa Kapadokia, aliyeandika kwa Kigiriki karibu miaka 1,900 iliyopita, alieleza wagonjwa ambao chakula kilipita tumboni mwao bila kuwajenga mwili. Jina seliaki linatokana na neno la Kigiriki la tumbo.

Tarehe 5 Oktoba 1887, daktari Samuel Gee alitoa mhadhara katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London. Mwaka 1888 maneno yake yakachapishwa. Alieleza watoto wenye tumbo kubwa na viungo vyembamba, wengi wao wa kati ya mwaka 1 na 5. Alisema kwamba kama mgonjwa wa namna hiyo anaweza kupona, basi atapona kwa njia ya chakula. Akasimulia juu ya mtoto mmoja aliyelishwa kila siku kome wa Kiholanzi, wale wanyama wa baharini wenye magamba mawili. Mtoto alinawiri vizuri. Msimu wa kome ulipokwisha akaugua tena, na msimu uliofuata akakataa kabisa kuwala.

Sisi tunaosoma leo tunaweza kukisia: huenda si kome waliomsaidia, ila tumbo lililojaa kome halikuwa na nafasi ya mkate. Lakini mwaka 1887 hakuna aliyeutazama mkate kwa jicho baya.

Mwaka 1924 daktari Sidney Haas wa New York akaandika juu ya watoto 10 wenye ugonjwa huu. Wanane aliwalisha ndizi, wakapata nafuu. Wawili ambao hawakupewa ndizi walikufa. Habari hiyo ilienea, na kwa miaka mingi ndizi ilikuwa dawa ya seliaki Marekani. Sisi watu wa ndizi tunaweza kujisifu, lakini tusiende haraka. Haas aliamini kwamba ubaya uko katika wanga wa vyakula vingine, na kwamba mtoto akishapona anaweza kula kila kitu. Basi watoto waliopata nafuu walirudishiwa mkate, na wengi wao ugonjwa ukawarudia. Ndizi haikuwa dawa. Iliuondoa mkate mezani kwa muda tu.

Shayiri, nafaka ya wagonjwa

Hapa ndipo vinywaji vinapoingia. Wakati madaktari hawa walipokuwa wakitafuta, Ulaya ilikuwa na desturi ya zamani ya kuwapa wagonjwa shayiri. Shayiri, ambayo kwa Kifaransa ni «orge», ni ndugu wa karibu wa ngano. Waingereza waliichemsha na kuwanywesha wagonjwa maji yake. Mwaka 1904, mjini Bern, Uswisi, Albert Wander alianza kuuza Ovomaltine, unga wa kuchanganya na maziwa ambao kiini chake ni kimea cha shayiri. Ulikusudiwa kuwapa nguvu watu dhaifu. Kwa Kiingereza ukaitwa Ovaltine, na umefika mpaka kwenye butiki za Afrika.

Kimea ni nini? Wamama wetu wanaotengeneza musururu wanakijua vizuri: unalowesha nafaka, unaiacha iote, unaikausha na kuisaga. Inapoota inakuwa tamu. Wazungu wanaiita «malt», na ya kwao kwa kawaida ni ya shayiri. Bia hutengenezwa kwa kimea hicho. Kinywaji cha malti kinatoka njia hiyohiyo: kimea kinachemshwa na hopsi, kinatiwa sukari na rangi, lakini hakiachwi kugeuka pombe. Kwa hiyo yule kijana wa arusi alisema kweli kwamba si pombe. Lakini shayiri ilikuwemo.

Tazameni jambo hili. Mtoto mwenye seliaki anakonda. Kwa sababu anakonda, wanaompenda wanamtafutia kinywaji cha kumtia nguvu. Na kinywaji hicho kimetengenezwa kwa nafaka ileile inayomkondesha. Tate wetu alikosea kama walivyokosea matate wengi wa Ulaya kabla yake.

Njaa iliyofungua macho

Aliyefungua fumbo ni daktari wa watoto Willem Dicke, Mholanzi aliyezaliwa 1905. Alifanya kazi katika Hospitali ya Watoto ya Juliana, mjini The Hague. Inasimuliwa kwamba mama mmoja ndiye aliyemwambia kuwa mtoto wake hupata nafuu kila anapomnyima mkate. Dicke hakumdharau mama huyo. Miaka ya 1930 alianza kuwajaribia watoto chakula kisicho na ngano.

Halafu vita ikaleta ushahidi ambao hakuna daktari angeutamani. Katika majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, magharibi ya Uholanzi ilikuwa bado chini ya jeshi la Ujerumani, na chakula hakikuingia. Watu walikula vitunguu vya maua ya tulipu. Watu wapatao 20,000 walikufa. Sisi wa Kivu hatuhitaji kuelezwa njaa ya vita ni nini. Lakini wakati watoto wengine walipokuwa wakidhoofika, watoto wa Dicke wenye seliaki walikuwa na hali nzuri kuliko zamani, kwa sababu mkate ulikuwa umepotea. Vita ilipokaribia kwisha, mkate wa misaada ukafika. Nchi nzima ilifurahi, na wale watoto wakaugua tena.

Dicke hakuishia kwenye hadithi. Pamoja na mkemia van de Kamer na daktari Weijers, alipima mafuta yaliyobaki katika choo cha watoto walipopewa nafaka moja baada ya nyingine. Walipokula ngano, mafuta yalipotea chooni, ishara kwamba utumbo haunyonyi chakula. Walipokula mchele au mahindi, hali ilikuwa nzuri. Mwaka 1950 alitoa tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Utrecht: ubaya uko katika ngano na katika rai, ile nafaka ya nchi za baridi ambayo Kifaransa inaitwa «seigle». Baadaye shayiri nayo ikaingizwa katika orodha.

Mwaka 1952 madaktari wa Birmingham, Uingereza, akiwemo Charlotte Anderson kutoka Australia, waliigawanya ngano. Wanga uliooshwa vizuri haukuwadhuru watoto. Gluteni iliwadhuru. Mshike neno hili, wasomaji, maana bila hilo hatuwezi kuelewa sikre: si kila kitu kinachotoka katika ngano ni sumu kwa mgonjwa. Kinachomdhuru ni protini yake.

Kutoka ugunduzi hadi orodha

Kujua adui ni gluteni hakukutosha. Mgonjwa aliingia dukani akakuta mamia ya chupa na makopo, na hakuna kilichoandikwa juu yake. Mwaka 1968 Uingereza ilipata shirika la wagonjwa wa seliaki. Mmoja wa waanzilishi wake ni Peter Benenson, wakili yuleyule aliyeanzisha Amnesty International mwaka 1961. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa. Shirika hilo liliwauliza watengenezaji kuhusu bidhaa zao, likachapisha orodha ya zile zisizo na gluteni. Wagonjwa hawakungoja kiwanda kiseme; waliuliza.

Sheria zikafuata polepole. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2003 kwamba nafaka zenye gluteni, shayiri ikiwemo, lazima zitajwe kwenye etikete. Marekani nayo ilitunga sheria yake mwaka 2004, lakini inalazimisha kutaja ngano katika vizio, si shayiri. Ndiyo maana chupa kutoka Marekani inaweza kukosa onyo lolote na bado ikawa na malti. Mwaka 2008 Codex Alimentarius, chombo cha FAO na OMS kinachoweka kanuni za chakula duniani, kikakubali kipimo: chakula kinachoitwa «bila gluteni» kisizidi miligramu 20 za gluteni katika kilo moja.

Basi, ndani ya chupa mna nini?

Sikre ya kawaida, iwe ya machungwa, ya limau, ya tangawizi au nyekundu, kwa kawaida ni maji, sukari, gesi, tindikali, ladha na rangi. Hakuna nafaka ndani yake. Inaweza kuharibu meno na kuleta kisukari ikinywewa kupita kiasi, lakini mgonjwa wa seliaki haiogopi kwa ajili ya gluteni.

Wengi wanauliza juu ya kola, kwa kuwa ni nyeusi kama malti. Weusi wake ni karameli, yaani sukari iliyounguzwa, ambayo kwenye etikete huandikwa «caramel» au E150. Sukari hiyo inaweza kutoka kwa mahindi, na mahali pengine hutoka kwa wanga wa ngano. Hapa ndipo kazi ya Birmingham inapotusaidia: protini imeshaondolewa. Umoja wa Ulaya umeruhusu sharubati ya glukosi ya ngano isitajwe kama kizio kwa sababu hiyohiyo. Kampuni ya Coca-Cola yenyewe imetangaza Marekani na Uingereza kwamba Coca-Cola ya kawaida haina gluteni.

Kwa hiyo chupa mbili nyeusi zinasimama pamoja katika friji ya depo. Moja ni kola, nyingine ni malti. Zote tamu, zote bila pombe. Moja mtoto wetu anaweza kuinywa, nyingine inamlaza. Rangi haikuambii kitu.

Jina nalo halikuambii kitu. Waingereza wana kinywaji cha tangawizi wanachokiita bia, na kwa kawaida hakina shayiri hata chembe. Kwa upande mwingine, maji yao ya shayiri yenye ladha ya limau huuzwa pamoja na juisi, na hayamfai mgonjwa huyu.

Vinywaji vyetu vya asili? Ndizi, mahindi, mtama na uwele havina gluteni inayomdhuru mgonjwa wa seliaki. Munkoyo wa ndugu zetu wa Katanga, unaotengenezwa kwa mahindi na mizizi, hauna ngano. Musururu wa mahindi au mtama vilevile, ila muulize mama aliyeutengeneza kama hakuchanganya unga wa ngano. Kama umechacha na kuwa pombe, hilo ni jambo jingine, na mtoto hahusiki.

Si ugonjwa wa wazungu

Nimesikia watu wakisema haya ni magonjwa ya wazungu. Mwaka 1999 watafiti wakiongozwa na Carlo Catassi walichapisha katika gazeti la kitabibu la Lancet uchunguzi wa watoto 990 wa Kisahrawi, watu wa Sahara Magharibi. Walikuta 5.6 kwa 100 wana seliaki. Ulaya kiasi chake ni kama mtu 1 kwa 100. Wasahrawi wengi ni wakimbizi wanaoishi kwenye kambi huko Algeria, na chakula chao kikubwa ni mkate na unga wa ngano. Afrika ndiko mahali palipokutwa kiwango cha juu namna hiyo.

Sisi wa Uvira tumekula fufu ya muhogo, mahindi, mchele wa bonde la Ruzizi, maharage na ndagala. Ni chakula ambacho Dicke angewaandikia wagonjwa wake. Lakini siku hizi mtoto anaanza siku kwa mkate, anakwenda shule na bisikwi, na akiugua anapewa malti.

Maswali ya kuuliza kwenye depo

Kwanza, soma etikete hata kama maandishi ni madogo. Ukiona «orge», «malt», «extrait de malt», «blé» au «seigle», usimpe mgonjwa. Glukosi na karameli nimeshazieleza. Kwenye chupa zinazotoka nchi za Kiarabu mtafute anayesoma Kiarabu: neno lao la shayiri ndilo lililotupa sisi neno hili.

Pili, «sans alcool» si sawa na «sans gluten». Ya kwanza inahusu pombe, ya pili inahusu nafaka.

Tatu, usiamini unga wa kuchanganya na maziwa kwa sababu tu una picha ya mtoto mwenye afya. Angalia kama una malti.

Nne, tazama kikombe. Juisi safi katika kikombe kilichotoka kuchovywa mkate si safi tena kwa mgonjwa huyu.

Tano, na hili ni muhimu: usimwachishe mtoto mkate kabla ya kupimwa. Damu ikipimwa baada ya kuacha ngano kwa muda, jibu linaweza kusema hana ugonjwa hali anao. Tena kuhara kwa watoto wetu mara nyingi ni minyoo, amiba au maji machafu. Peleka mtoto kwa daktari, na kama dawa hizo hazisaidii mwezi baada ya mwezi, uliza juu ya seliaki. Mama wa Uholanzi alisema alichokiona, na daktari akamsikiliza. Semeni na ninyi.

Mtoto wetu sasa anaendelea vizuri. Mwezi uliopita kulikuwa na arusi nyingine. Tate alifika na mfuko wake, ndani yake mna chupa ya machungwa na mchele uliopikwa nyumbani. Yule kijana wa mara ya kwanza alikuja tena na malti mkononi. Tate akaipokea, akamshukuru, akainywa yeye mwenyewe. Kisha akamfungulia mjukuu ile ya machungwa.